Kwaya Isiyochuja Sauti

Kwaya inayompokea kila anayetaka kuimba, awe na sauti nzuri au asiwe nayo, ni jambo la kawaida katika makanisa ya Nyanda za Juu Kusini, na ubishi juu yake nao ni wa kawaida. Katika Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa, wanaosimama kuimba Jumapili ni wauza mboga, walimu, mafundi seremala, wanafunzi wa vyuo na mama wa nyumbani. Wachache sana kati yao wamesomea muziki. Wapo waliojaliwa sauti ya kunyamazisha kanisa zima, na wapo wanaotoka nje ya sauti tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Swali linaloulizwa katika vikao vya wanakwaya, na mara nyingi zaidi kwa minong'ono baada ya vikao, ni hili: je, kumwimbia Mungu mbele ya kusanyiko ni haki ya kila muumini, au ni utumishi wa waliopewa kipawa? Linasikika kama swali la muziki, lakini jibu lake hutegemea mtu anaamini Mungu hupokea nini wimbo unapoimbwa.

Uimbaji wa kanisani katika ukanda huu ulitokana na mikondo kadhaa iliyokutana. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na Wamoravian wakaanzisha kituo chao Rungwe. Wote wawili walikuja na mapokeo ya kusanyiko zima kuimba. Walutheri wa Berlin walikuwa na nyimbo za Kijerumani zilizoanza kuchapwa vitabuni mwaka 1524, wakati Martin Luther alipotaka waumini waimbe imani yao kwa lugha wanayoielewa. Wamoravian walirithi desturi ya Ndugu wa Bohemia, waliochapa kitabu chao cha nyimbo mapema zaidi, mwaka 1501. Wabenediktini walifungua misioni ya Tosamaganga karibu na Iringa mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye Wamisionari wa Konsolata wakaiendeleza. Wakatoliki hao walikuja na Misa ya Kilatini, ambamo kwaya ilikuwa na nafasi yake rasmi na mtu wa kawaida alisikiliza zaidi kuliko alivyoimba.

Mapokeo hayo yaliwakuta Wahehe, Wabena, Wanyakyusa na majirani zao wakiwa na namna yao ya kuimba, ambayo haikutenga waimbaji na wasikilizaji. Shambani, msibani na harusini mmoja aliongoza na wengine wote wakaitikia. Aliyeongoza alitarajiwa kuwa na kumbukumbu, maneno na sauti inayofika mbali. Aliyeitikia hakuulizwa kitu, na aliyekaa kimya msibani ndiye aliyetia shaka. Ngazi hizi mbili za madai, kali kwa kiongozi na nyepesi kwa waitikiaji, ni urithi muhimu kuliko unavyothaminiwa, na sehemu kubwa ya ugomvi wa leo hutokana na kuzichanganya.

Mtafiti wa muziki Gregory Barz, aliyeandika juu ya kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika kitabu chake cha mwaka 2003, alionyesha kuwa kwaya ya Tanzania ni jumuiya kamili na kuimba ni sehemu tu ya maisha yake. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu. Ina michango. Humtembelea mgonjwa, humsindikiza bibi harusi, hukesha na wafiwa. Yeyote aliyeishi karibu na usharika au parokia hana haja ya utafiti ili alijue hilo. Kwa hiyo anayekataliwa na kwaya kwa sababu ya sauti hapotezi wimbo peke yake. Anapoteza watu wa kumzika mama yake. Jambo hili linapaswa kukumbukwa kabla ya hoja yoyote ya ustadi kusikilizwa, kwa kuwa wanaotaka mchujo huzungumza kana kwamba kinachoamuliwa ni ubora wa sauti ya tatu tu.

Maandiko yenyewe hayatoi jibu la upande mmoja. Zaburi ya 33 inamtaka mpigaji apige kwa ustadi, na Zaburi ya 150 inaita kila chenye pumzi kisifu, bila sharti lolote. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasimulia jinsi Daudi alivyopanga uimbaji wa hekaluni. Katika sura ya 15 Kenania anawekwa kuwa msimamizi wa uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Na katika sura ya 25 wanahesabiwa waimbaji 288 waliofundishwa, chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni. Wapenda mchujo huishia hapo. Aya inayofuata, hata hivyo, inaeleza kuwa zamu za utumishi ziligawanywa kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Ustadi ulidaiwa, ukafundishwa, kisha nafasi zikagawanywa bila kuangalia nani anajua zaidi. Ni vigumu kupata katika Biblia kielelezo kilicho karibu zaidi na kwaya ya Kihesa.

Kanisa la kale nalo halikuwa na kauli moja juu ya jambo hili. Mtaguso wa Laodikia wa karne ya 4 uliagiza katika kanuni yake ya 15 kwamba wasiimbe kanisani isipokuwa waimbaji waliowekwa rasmi, wanaopanda mimbarini na kuimba kwa kitabu. Agostino wa Hippo, aliyezaliwa karne hiyohiyo, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake anakumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo za kanisa mwanzoni mwa imani yake, kisha anakiri kuwa pale sauti inapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi. Kwake yeye hatari ilikuwa katika sauti nzuri. Na alipofafanua Zaburi ileile inayodai ustadi, ambayo katika hesabu yake ni ya 32, aliuliza ni nani awezaye kuimba vizuri mbele ya msikilizaji mkamilifu kama Mungu, ilhali mtu huona haya hata mbele ya fundi wa muziki wa kibinadamu. Jibu lake ni kwamba Mungu mwenyewe amempa mtu namna ya kuimba: shangwe isiyo na maneno, kama ya wavunaji ambao furaha imewazidi wakaacha maneno na kubaki na sauti. Mtakatifu huyu aliyeupenda muziki hadi kuuogopa alihitimisha kwamba mbele za Mungu hakuna mwimbaji aliyefuzu.

Kwa Wakatoliki mabadiliko makubwa yalikuja karne ya 20. Mwaka 1903 Papa Pius X, katika waraka wake juu ya muziki mtakatifu, alisisitiza kuwa waimbaji wa kanisani wanatimiza wajibu wa kiliturujia, na kwa sababu hiyo akasema wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kwaya hiyo. Ni vyema msomaji wa leo alitazame jambo hilo bila kupepesa macho: kwa kanuni ile, zaidi ya nusu ya wanaoimba Kihesa wasingekuwapo. Vikwazo vililegezwa hatua kwa hatua. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake ya liturujia, ikadai ushiriki hai wa waumini wote na kuheshimu mapokeo ya muziki ya kila taifa. Na maagizo ya tarehe 5 Machi 1967 yakakataa desturi ya kuiachia kwaya peke yake uimbaji wote huku watu wakikaa kimya. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson wa chuo cha Makumira alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika katika kitabu Tumshangilie Mungu, na mchungaji Bernard Kyamanywa akaandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka Mfurahini Haleluya kwa tuni ya Kihaya, ambao sasa huimbwa katika nchi nyingi. Nyimbo nyingi za mkusanyiko ule zina kiongozi na waitikiaji. Muundo huo una uamuzi wa kiteolojia ndani yake: asiyejua kusoma, asiye na sauti na mgeni aliyeingia leo wote wana sehemu yao kabla ubeti wa pili haujaanza.

Hoja ya wanaotaka mchujo isidharauliwe. Kwa umbo lake lenye nguvu inasema hivi: sadaka kwa Mungu haipaswi kuwa na dosari. Torati katika kitabu cha Walawi ilikataza mnyama kiwete au kipofu asitolewe madhabahuni, na nabii Malaki katika sura yake ya kwanza aliwakemea makuhani waliotoa wanyama wa namna hiyo. Wimbo ulioharibika, wanasema, ni mnyama kiwete. Atakayempelekea mkuu wa wilaya zawadi mbovu ni nani? Basi kwa nini Mungu apelekewe?

Ukimsoma Malaki kwa makini utaona anawakemea watu gani. Alaaniwaye ni yule aliye na dume zima zizini mwake, ameliweka nadhiri, kisha akaleta lenye kasoro. Kosa ni udanganyifu: mtu anacho kizuri, anakificha, anatoa kibovu. Mama mwenye sauti ya kukwaruza hakuacha nyumbani sauti nyingine iliyo bora. Analeta aliyo nayo, kama yule mjane wa Injili ya Marko aliyetia senti zake mbili, na Yesu akasema ametoa kuliko wote. Kemeo la Malaki likihamishiwa kwenye kwaya humwangukia mwimbaji mwenye kipawa asiyehudhuria mazoezi, anayetokea Jumapili asubuhi akitegemea koo lake. Huyo ndiye mwenye dume zima zizini. Ajabu ni kwamba mchujo wa sauti humwacha huyu ndani na kumtoa nje mama aliyehudhuria kila jioni.

Ni kweli kwamba Torati pia, katika Walawi sura ya 21, iliwazuia makuhani wenye ulemavu wasikaribie madhabahu, ingawa iliwaruhusu kula mkate mtakatifu. Anayetetea mlango wazi hana budi kulikiri andiko hilo. Lakini Isaya katika sura ya 56 anawafungulia nyumba ya Mungu matowashi na wageni waliokuwa wamezuiwa, na Injili ya Mathayo inawaonyesha vipofu na viwete wakimwendea Yesu hekaluni na kuponywa humo. Mwelekeo wa Maandiko yenyewe ni wa kupanua mlango.

Hoja ya pili ya wachujaji ni nzito zaidi, maana inahusu jirani. Waumini wamekuja kusali. Mmoja kati yao amezika mtoto wiki hii, mwingine ana kesi mahakamani, mwingine hajui atalipaje ada. Wana haki ya wimbo utakaowainua, na kwaya inayovutana sauti huwatawanya mawazo. Upendo kwa mwimbaji mmoja unaweza kuwa ukatili kwa mia tatu wanaosikiliza. Hoja hii ni ya kweli, na kwaya inayoipuuza kwa jina la upendo inajidanganya. Kinachotakiwa ni kuona kwamba haielekezi kwenye mchujo. Inaelekeza kwenye ule urithi wa ngazi mbili: uongozi wa wimbo upewe anayeuweza, na uitikiaji uwe wa wote. Kuwa mwanakwaya ni jambo la kila mtu. Kuongoza ubeti peke yake si haki ya mtu yeyote. Kwaya nyingi zimevunjika kwa kutosema sentensi hiyo mapema. Mtu anapokelewa kwa moyo mweupe, baada ya miezi anadai kuongoza kama wenzake, ananyimwa, na anaona ametukanwa. Angeambiwa siku ya kwanza, asingeumia.

Waislamu wa Iringa wanalo swali linalofanana na hili katika usomaji wa Kurani. Kusoma Kurani si kuimba, na tofauti hiyo ni muhimu kwao, lakini nako kuna kanuni za ustadi, tajwidi, na kuna wenye ndimi nzito. Hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, na iliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inaeleza kuwa msomaji hodari yuko pamoja na malaika waandishi watukufu, na anayesoma kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Hodari hakushushwa hadhi yake. Mwenye taabu amehesabiwa ujira kwa kusoma na ujira kwa ile taabu. Mafundisho haya hayamwambii msomaji mzito akae kimya, wala hayamwambii kuwa kukwama ni sawa na ufasaha. Yanamtaka aendelee kujifunza huku akijua juhudi yake imeonekana. Kwaya za Kikristo zingefaidika kuyatafakari.

Kuna jambo moja ambalo ubishi wa kidini huchukulia kuwa limethibitishwa, nalo halijathibitishwa: kwamba wapo watu wengi wasioweza kuimba. Watafiti wa ubongo na muziki, wakiwemo Isabelle Peretz na wenzake wa Montreal, wamechunguza hali ya kuzaliwa ambayo humfanya mtu asitambue kupanda na kushuka kwa sauti. Kipimo kipana kilichotangazwa mwaka 2017 kilikadiria hali hiyo kuwa kwa takriban watu 1.5 kati ya 100. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa na Simone Dalla Bella na wenzake uliwapima watu wasio na mafunzo wakiimba wimbo unaojulikana na wote, na wengi wao walipoimba polepole makosa yao ya sauti yalipungua sana. Wengi wanaoitwa wasio na sauti ni watu waliofundishwa haraka mno, au hawakufundishwa kabisa.

Elimu hiyo ilikuwepo kwa vitendo kabla ya vipimo. Solfa inayoandikwa ubaoni katika mazoezi ya kwaya za Tanzania, d, r, m, f, s, l, t, ilienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza, aliyeombwa mwaka 1841 na mkutano wa walimu wa shule za Jumapili atafute njia rahisi kuliko zote ya kufundisha uimbaji. Aliijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich aliyekuwa akifundisha watoto kuimba kwa herufi. Nia ilikuwa kumfikia mtoto wa maskini na mfanyakazi wa kiwandani asiyeweza kununua vitabu vya nota wala kumlipa mwalimu. Wamisionari waliisafirisha duniani kote. Kwa hiyo chombo chenyewe kinachotumika leo kupima nani anafaa kilibuniwa ili asiachwe mtu. Ni masikitiko kukiona kikitumika kinyume.

Ikiwa ndivyo, kumkataa mtu kwa sababu ya sauti kabla ya kumfundisha ni mwalimu kukwepa kazi yake na kuiita hukumu juu ya mwanafunzi. Na hapo ndipo mlango wazi unapodai gharama yake. Kwaya inayopokea wote bila kufundisha haijapokea mtu. Imemruhusu tu asimame. Walimu wazuri wa kwaya wanajua kazi hii inavyofanyika. Kila sauti hufundishwa peke yake kwanza, polepole, kifungu kwa kifungu, kabla sauti nne hazijaunganishwa. Anayeyumba huwekwa katikati ya wawili walio imara, kamwe haachwi pembeni mwa mstari. Asiyejua kusoma hufundishwa kwa kusikiliza, na mara nyingi huyo ndiye anayeushika wimbo kwa muda mrefu zaidi. Kijana anayebadilika sauti haambiwi apumzike mpaka ikomae. Hupewa sehemu fupi inayomfaa kwa wakati huo. Mwanamke mwenye sauti nzito halazimishwi kukaa sauti ya kwanza kwa kuwa ni mwanamke. Wengi waliohesabiwa kuwa hawana sauti walikuwa wamepangwa mahali pasipo pao, wakikaza koo kufikia nota zisizofikika kwao, na kosa likaandikwa kwa jina lao.

Uchaguzi wa nyimbo nao ni suala la haki. Mwalimu anayetunga au kuchagua nyimbo zenye nota za juu mfululizo na mapigo yanayokatika ameshachuja bila kutangaza. Wimbo wenye kibwagizo kipana kinachoimbwa na wote, na beti zinazobebwa na wachache, hutunza watu wote wawili: mwimbaji mnyonge na muumini aliyekuja kusali. Haimaanishi kwaya iimbe mapambio mepesi mwaka mzima. Wimbo mgumu uwepo, ufundishwe kwa miezi, na uimbwe Pasaka ukiwa umeiva.

Mtu mwingine wa kutazamwa ni mwenye sauti kubwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya maisha ya pamoja ya Wakristo, aliwaona waharibifu wa uimbaji kuwa wale wanaotaka sauti yao isikike juu ya wenzao. Kuhusu wale wanaosemwa hawawezi kuimba, aliandika kuwa ni wachache kuliko inavyodhaniwa. Mwimbaji anayejikuza huharibu kwa hiari, na kwa kuwa sauti yake ni nzuri hakuna anayethubutu kumwambia. Kwaya isiyochuja sauti inapaswa kuwa na ujasiri wa kumrudi huyo kwanza.

Mpaka hapa swali limejadiliwa kana kwamba sauti ndiyo inayofunga mlango. Ukweli wa makanisa mengi ni kwamba mlango hufungwa na mambo mengine. Sare ni la kwanza. Kwaya hushona sare mpya ya sikukuu, kila mtu anatakiwa kutoa fedha ya kitambaa na ya fundi, na asiyekuwa nayo anaanza kukosa mazoezi kwa aibu hadi anasahaulika. Hakuna aliyemfukuza, lakini hayupo. Kama kwaya inaamini kweli kuwa uimbaji ni wa wote, sare yake ilingane na mfuko wa aliye maskini kuliko wote katika orodha, au mfuko wa pamoja umshonee bila tangazo.

Studio ni la pili. Tangu kanda za kaseti zienee, na baadaye video na mitandao, kwaya nyingi hutamani kurekodi, na kurekodi kunagharimu kwa saa. Hapo ndipo kikundi kidogo cha sauti bora hutengwa, wengine wakaambiwa watatokea kwenye picha tu. Mtu anachezesha midomo kwa wimbo ambao sauti yake haimo. Yapo mazingira ambamo kikundi kidogo ni cha lazima, na kukiita hivyo waziwazi, kwa jina lake, si dhambi. Dhambi ni kumwonyesha mtu akiimba mahali aliponyamazishwa, kwa kuwa huo ni uongo katika kazi inayohubiri kweli. Mashindano ya kwaya yana jaribu lilelile: yanakuza ustadi kweli, yanawalazimu watu kujifunza wimbo hadi waumudu, na wakati huohuo humfanya mwalimu aanze kuhesabu nani wa kumwacha nyumbani siku hiyo.

La tatu ni nidhamu. Mwanakwaya aliye chini ya adhabu ya kanisa husimamishwa asiimbe. Makanisa yana haki ya kutunza maadili ya watumishi wake, na anayeimba mbele ya watu anafundisha. Lakini adhabu ikimwangukia msichana aliyepata mimba huku kijana aliyehusika akiendelea kusimama sauti ya nne, kwaya imechuja kwa kipimo ambacho hakimo katika Injili. Mimba inaonekana na ubaba haujulikani kwa macho. Sababu ya tofauti ni hiyo tu, nayo haitoshi.

Iringa ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili hadi mwisho wake. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha mjini humo Neema Crafts, karakana iliyoanza na vijana viziwi wachache waliojifunza kutengeneza karatasi, ikakua hadi kuajiri watu wengi wenye ulemavu, na mkahawa wake ukahudumiwa na viziwi. Mji ambao watu wake wamezoea kuagiza chai kwa ishara hauwezi kudai kuwa mawasiliano ni sauti peke yake. Kiziwi anapojifunza maneno ya wimbo kwa Lugha ya Alama na kuyatoa kwa mikono pamoja na wenzake, kwa mapigo yaleyale, anafanya mambo yote ambayo Maandiko yanayadai kwa mwimbaji isipokuwa kutoa sauti, na sauti, kama Agostino alivyoona, ndiyo sehemu ya wimbo inayoweza kumpotosha mtu.

Kipimo cha kumpokea mwanakwaya, basi, ni kuhudhuria mazoezi, kukubali kufundishwa na kuwasikiliza wenzake. Anayeyakataa hayo aombwe apumzike, hata kama sauti yake ndiyo nzuri kuliko zote mjini. Anayeyatimiza ni mwanakwaya. Kwa kipimo hicho, kiziwi anayeimba kwa mikono na mama anayetoka nje ya sauti wana haki zote za kwaya: sare, zamu, kusindikizwa msibani, na kura siku ya kumchagua mwenyekiti.